Kwetu Hakuna Kifafa

Siku mpelelezi wa polisi alipofika Kalenga, nyumbani kwa Liberatus, kuuliza habari za kijana wao aliyeua mtu, nyumba ilikuwa na mgeni. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Angekuja wiki moja kabla, au hata keshokutwa yake, huenda leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini polisi haangalii nani amekaa uani kwako anapobisha hodi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Shangazi Jenoveva wa Tosamaganga. Alikuja kuomba mbegu ya maharage, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu. Jamani, mbegu ya maharage inaombwa siku tatu? Kila mtu pale alijua alichofuata. Mtoto wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amempenda Joyness, binti mkubwa wa Liberatus, na kwa desturi za kule shangazi hutangulia kabla wazee hawajaleta posa. Anakula ugali wenu, anakwenda kisimani na mama wa nyumba, anasalimiana na majirani, huku akichungulia mambo manne: uchawi, wizi, kichaa na kifafa. Uchawi mtu husingiziwa. Wizi mtu huweza kuacha. Ila kichaa na kifafa, wenyewe husema, viko ndani ya damu, na damu haifuliwi.

Habari za Aroni ukoo wa mwalimu walikuwa nazo. Tosamaganga nzima ilishasikia kwamba Aroni wa Liberatus, kibarua wa mashine ya mpunga kule Chimala, amempiga mwenzake mtaimbo wa kichwa akafa palepale. Wazee walikaa, wakasema: kijana, mbali na kwao, hasira za ujana, hilo ni kosa lake mwenyewe. Shangazi alitumwa kuhakikisha kwamba ni lake mwenyewe kweli.

Mpelelezi alikaa kwenye kochi, daftari gotini. Alikuwa kijana mpole aliyechoka, akiuliza kwa kufuata karatasi. Aroni alizaliwa lini, alisoma mpaka darasa la ngapi, anakunywa, anavuta bangi? Apolonia, mama yake, alijibu taratibu. Liberatus alikuwa shambani. Uani, hatua tano kutoka mlangoni, Shangazi Jenoveva alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua maharage.

"Mama, katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua kifafa, au ugonjwa wowote wa akili?"

Kule uani mikono ikasimama. Apolonia alisikia maharage yameacha kudondoka. Alimkumbuka shemeji yake Tasilo, mdogo wa Liberatus, aliyekuwa akianguka na kutoka povu, na kila akizinduka hakumjua mtu. Siku moja alimvunja mama yake mzazi mkono kwa mpini wa jembe, na jioni yake akawa analia kuuliza nani amemuumiza mama. Kijiji kiliambiwa bibi kateleza. Tasilo alipoangukia mtoni akafa, kijiji kiliambiwa kachukuliwa na maji akichota mchanga. Kisha akamkumbuka Aroni wake, miaka kumi na sita, asubuhi moja kitandani, shuka limelowa na ulimi umekatika pembeni. Mara moja. Halafu mara nyingine. Halafu akaenda Chimala, na mama hakuuliza tena.

"Hakuna," alisema, na alisema kwa sauti kubwa kuliko kijana yule alivyohitaji. "Kwetu hakuna kifafa wala kichaa. Aroni ni mzima kabisa. Hasira tu ndiyo aliyonayo."

"Hasira," mpelelezi akaandika. Akamsomea yote, akampa kalamu atie sahihi. Uani maharage yakaanza tena kudondoka kwenye ungo. Mwezi uliofuata posa ikaletwa, na Aroni akapelekewa habari hiyo gerezani.

*

Ilipita miezi minane kabla Apolonia na Liberatus hawajaitwa Mbeya. Wakili aliyepewa na serikali kumtetea Aroni alikuwa binti mdogo tu ambaye wao wangeweza kumzaa, Nusrat, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge la baba yake, Mwanjelwa. Aliwapa chai ya tangawizi kwanza, maana Juni ile baridi ya Mbeya ilikuwa haina mswalie Mtume. Kisha akafungua faili.

"Mzee wangu, mama yangu, sitawaficha. Kesi ni ya mauaji, na akipatikana na hatia adhabu ni moja tu. Ni kunyongwa."

Liberatus alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi vilabuni, lakini wakati huo lilikuwa la watoto wa watu.

"Sasa nisikilizeni. Aroni ameniambia kitu kimoja tu tangu nimjue. Walikuwa wanapakia magunia. Akaona mwanga kama wa fundi anayechomelea. Alipoona tena vizuri, watu wamemkalia mgongoni, mdomo umejaa damu, na Isakwisa, huyo aliyekufa, yuko chini. Nimeangalia karatasi ya zahanati ya siku ile. Wameandika ulimi umeng'atwa. Shahidi mmoja anasema Aroni alianguka kwanza, Isakwisa akainama kumwinua. Anayeinama kukuinua unampigia nini?"

"Walikuwa wamegombana," Liberatus alisema. "Polisi walisema."

"Waligombana asubuhi kwa zamu ya kupakia, wakacheka, wakala pamoja chapati. Mzee, nimesoma kidogo haya mambo, nikauliza na madaktari. Ubongo ni kiungo kama ini. Unaweza kuugua. Na magonjwa mengine ya ubongo hutembea kwenye koo kama kisukari kinavyotembea. Wenye kifafa wengi hawajawahi kumpiga hata kuku, msije mkanielewa vibaya. Lakini wapo wachache, akianguka akizinduka, kwa dakika chache mwili unafanya na mwenyewe hayupo. Sheria inalijua hilo. Mtu wa namna hiyo hanyongwi. Anapelekwa kutibiwa."

Apolonia alihisi kiatu cha mumewe kikimkanyaga chini ya meza.

"Tatizo ni hili." Nusrat aligeuza karatasi. "Mahakama ilimpeleka Dodoma kupimwa akili. Huko hakuanguka hata mara moja. Daktari akaandika ni mzima, na akaandika hivi: katika ukoo hakuna historia ya kifafa wala ugonjwa wa akili. Nikajiuliza, hili kalitoa wapi? Kalitoa kwenye maelezo yako, mama. Una sahihi yako hapa."

Kelele za wauza mitumba zilisikika kutoka chini.

"Kwetu hakuna," Liberatus alisema.

Nusrat hakumtazama yeye. Alimtazama mama. "Nikipata mtu mmoja wa ukoo asimame mbele ya jaji aseme kweli, nitaomba apimwe upya, na safari hii ubongo wenyewe. Bila hivyo mimi nina ulimi ulioumwa tu, na ulimi hata mlevi huuma."

Apolonia alifungua mdomo. Kiatu kikakanyaga zaidi. Akaufunga, akanywa chai iliyokwisha poa.

*

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi ya pili, nyumbani kwa Baba Mkubwa Desderi, kaka mkubwa wa Liberatus. Pombe ya ulanzi ililetwa madumu mawili, na wanaume saba walikaa kwenye viti, na Apolonia alikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango kama anayesubiri kutumwa. Hakuna aliyemwambia akae pale, lakini pia kiti cha nane hakikuletwa.

Desderi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewalea wadogo zake wote baada ya baba yao kufa, na ndiye aliyemfungia Tasilo chumba cha nyuma na kumpelekea chakula kwa mkono wake mwenyewe miaka kumi na moja. Alizungumza polepole, kama mtu anayeeleza hesabu kwa mtoto mgumu.

"Mama Joyness, mwuaji ni mtu mmoja. Kichaa ni ukoo mzima. Aroni akifungwa kwa uuaji, tutasema mtoto alipotoka, na watu watatupa pole. Akisimama mtu mahakamani akasema ni ugonjwa wetu wa kuzaliwa, nani atamtoa binti yake aolewe humu? Nani ataoa binti zetu? Nina wajukuu tisa mimi. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie Aroni yu hai," Apolonia alisema.

"Serikali hainyongi siku hizi," akadakia mwingine. "Wanawaweka tu."

"Wanawaweka wapi, shemeji? Wewe ungekaa hapo, kila asubuhi unasikiliza viatu mlangoni, ungesema wananiweka tu?"

Desderi alinyanyua mkono watulie. "Na tena tusidanganyane. Hatujui kama kimetoka kwetu. Mama yake ni Mbena wa Njombe. Huko kwao nani alikwenda kuchunguza? Labda damu mbaya ilikuja na bibi harusi."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha utani wa makabila, na Liberatus naye akatabasamu akitazama kikombe chake. Ni hilo tabasamu lililomuuma Apolonia kuliko maneno. Wajua, mwanamke anaweza kuvumilia kutukanwa na ukoo mzima, lakini mume akicheka nao, hapo anakuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoipaka udongo kwa mikono yake.

"Basi kama ni ya kwangu," akasema, "niacheni nikaiseme. Mtakuwa mmepona nyinyi."

Kicheko kikakatika.

"Hapana," Desderi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa nzito. "Wewe damu yetu huna. Huwezi kwenda kuisemea."

"Damu yenu nimeibeba tumboni mara sita, Baba Mkubwa. Wawili nimewazika. Nimeifua kwenye mashuka. Nisiyoijua ni ipi?"

Kikombe kikazungushwa, na mazungumzo yakahamia kwenye mbolea ya ruzuku. Ndivyo kikao kilivyoamua.

*

Joyness alikuwa amekuja kutoka Iringa mjini, alikokuwa fundi cherehani. Alimkuta mama yake jikoni akichochea moto uliokuwa unawaka vizuri bila kuchochewa. Binti alikuwa na miaka ishirini na saba. Wenzake aliosoma nao walikuwa na watoto wa kwenda shule, na kwa miaka mitano alikuwa akiwashonea wao magauni ya harusi, akiwapima viuno na kuwapongeza.

"Utakwenda kusema?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Unajua. Nakujua ukishaamua unavyonyamaza." Akakaa juu ya gunia la magunzi. "Mama, Aroni ni mdogo wangu. Nampenda. Lakini yeye ameshaua mtu, basi, imeshatokea. Mimi nimefanya nini?"

Apolonia angesema "hujafanya kitu," ndiyo kweli. Na ingebadilisha nini? Alimtazama mwanawe akilia bila sauti, akijifuta kwa upindo wa kanga, na akawaza kwamba mzazi akiambiwa achague mkono wa kukatwa husema kata wowote, lakini watoto si mikono.

Baadaye Joyness akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi kimo? Ndani yangu?"

"Huna. Hujaanguka hata siku moja."

"Hata Aroni hakuanguka mpaka alipoanguka."

Hapo Apolonia alimshika kichwa akakilaza mapajani kama wakati wa kumsuka. Akamwambia alichoambiwa na yule wakili: kwamba ni ugonjwa, unatibika kwa vidonge kila siku, na kwamba mwenye kifafa si mwuaji, ni vile tu Aroni hakupewa vidonge kwa kuwa kupewa vidonge ni kuonekana. Alipofika hapo akajisikia mwenyewe anachokisema. Angempeleka zahanati ile asubuhi ya shuka lililolowa, Isakwisa angekuwa anapakia magunia leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na kifo chenyewe kilikwenda kumchukua mtoto wa mwanamke mwingine.

*

Kabla ya kwenda Mbeya alikwenda Tosamaganga, kwa miguu, peke yake. Hakutaka Shangazi Jenoveva alisikie jambo lile sokoni.

Alipokewa vizuri mno. Kamwene, kamwene, karibu mwanangu, kaa. Alitandikiwa kitambaa cheupe mezani, akachemshiwa viazi na kukaangiwa mayai. Mwalimu mwenyewe, mchumba, alimsalimia kwa kuinama, akakaa pembeni. Apolonia alisubiri mpaka alipomaliza kula, maana ni ufidhuli kuharibu chakula cha watu, kisha akasema.

"Shangazi, siku ile polisi alipokuja, nilijibu uongo. Wewe ulikuwa uani. Kwetu kipo. Shemeji yangu Tasilo alikuwa nacho, na Aroni anacho. Kesho kutwa nakwenda kulisema mahakamani. Nimeona ulisikie kwangu kwanza."

Bibi yule alikunja kitambaa cha meza pembe moja, akaikunjua. "Umenipa heshima," alisema. "Wengi wasingekuja."

"Joyness hajawahi kuanguka."

"Naamini. Ni binti mzuri. Ningekuwa mimi peke yangu…" Akageuka. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mwalimu alikuwa akifundisha sayansi darasa la sita. Pengine siku ileile alikuwa amechora ubaoni mmea wenye maua mekundu na mmea wenye maua meupe, akiwaeleza watoto jinsi sifa zinavyorithiwa. Alitazama mikono yake. "Wazee ndio wataamua," alisema.

"Basi," Shangazi akasema kwa upole. "Hatuna ugomvi, mwanangu. Kanisani tutasalimiana. Ila damu ni damu."

Walimsindikiza mpaka barabarani, wote wawili, kama inavyotakiwa. Wakamshukuru kwa kuja. Apolonia alitembea mpaka alipohakikisha hawamwoni, ndipo akakaa kwenye ukingo wa shamba la watu akalia kwa kelele.

*

Mahakamani alisimama kwenye kizimba cha mashahidi akiwa amevaa kitenge cha Wawata, kile cha kanisani, kwa kuwa ndicho alichoona kinafaa kusemea kweli. Aroni alikuwa upande wa pili kati ya askari wawili. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa limekosa kifungo. Kwenye benchi la nyuma walikaa Desderi na Liberatus, wamekuja kuhakikisha kama atathubutu. Upande mwingine alikaa mwanamke mfupi wa Kinyakyusa, mama wa Isakwisa, ambaye hakukosa hata siku moja.

Nusrat alimwuliza taratibu, na Apolonia alisema yote. Tasilo. Povu. Mkono wa bibi. Chumba cha nyuma. Mto. Shuka la Aroni. Hakutazama nyuma, lakini alisikia Desderi akikohoa, kisha akasikia benchi likilia mtu akinyanyuka, na mlango ukafungwa.

Wakili wa serikali alikuwa mtu nadhifu, wala hakumfokea. Alimpa karatasi. "Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Soma hapo chini ya kidole changu."

Apolonia alisoma, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili: "Kwetu hakuna kifafa wala kichaa. Aroni ni mzima kabisa. Hasira tu ndiyo aliyonayo."

"Ulikuwa unamdanganya askari siku ile, au unamdanganya Mheshimiwa Jaji leo?"

"Siku ile."

"Ulipigwa? Ulitishwa?"

"Hapana."

"Sasa ulidanganya kwa nini, mama?"

Apolonia alitafuta maneno makubwa ya kufaa mahali pale akayakosa. "Kulikuwa na mgeni," alisema.

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Kicheko kiliwatoka tu, kama kinavyomtoka mtu akiona mwenzake kajikwaa. Hata karani alishika mdomo. Katika chumba kile kizima asiyecheka alikuwa mama wa Isakwisa, ambaye naye alikuwa ameozesha mabinti, na alijua wageni wa namna ile.

"Kulikuwa na mgeni," wakili wa serikali akarudia, akiiacha sentensi ikae. "Na mgeni huyo alikuwa muhimu kuliko mwanao. Haya. Unasema ugonjwa uko kwenye damu. Baba yake Aroni ana damu hiyohiyo?"

"Anayo."

"Ameua?"

"Hapana."

"Baba zake wakubwa na wadogo, walioko hai, wameua?"

"Hapana."

"Damu yenu inachagua."

Nusrat alisimama kupinga, akaeleza kwamba hakuna aliyesema damu inaua, kwamba wanachoomba ni kipimo tu, mgonjwa apimwe kama wagonjwa wengine wanavyopimwa. Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika kwa muda mrefu. Alikuwa anaelekea kukubali. Nusrat baadaye aliapa hivyo, na mimi sina sababu ya kumbishia.

Ndipo Aroni akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

Nusrat alimkatia jicho akae. Hakukaa.

"Mama yangu ananipenda, ndiyo maana anasema hayo. Lakini si kweli. Mimi sijawahi kuanguka. Kwetu hakuna kifafa. Niligombana na Isakwisa nikampiga kwa akili zangu."

"Aroni!" Apolonia alipiga kelele mpaka askari akamshika bega.

"Unaelewa unachokisema?" Jaji aliuliza.

"Naelewa, Mheshimiwa. Mimi ni mzima."

Kwa wiki mbili zilizofuata Nusrat alikwenda gerezani mara nne. Kila mara Aroni alisema hayohayo, mimi ni mzima, akainamisha kichwa. Wakili aliwaambia wazazi ni aibu, wanaume wengi huona heri kitanzi kuliko kuitwa vichaa. Apolonia aliamini. Aliwajua wanaume wa ukoo ule.

*

Hukumu ilisomwa kwa karibu saa nzima. Ushahidi wa mama, Jaji alisema, ni maneno yaliyotungwa baadaye, yanapingana na sahihi yake mwenyewe, yanapingana na ripoti ya daktari, na mshitakiwa mwenyewe ameyakana. Kisha akasema lile neno. Mama wa Isakwisa hakushangilia wala hakulia. Alijifunga kitenge chake vizuri, akapita mbele ya Apolonia, akaenda zake.

Nje, kando ya karandinga la magereza, askari mmoja wa makamo aliwaruhusu dakika mbili. Joyness alikuwa amekuja safari hii. Liberatus hakuweza kusogea. Alibaki ukutani, kofia mkononi. Apolonia alimshika mwanawe mikono yenye pingu.

"Kwa nini, baba? Kwa nini ulinikana? Uliona aibu?"

Aroni alitikisa kichwa. Alikuwa akimtazama dada yake, na usoni alikuwa na kitu kilichofanana na furaha. "Aibu ya nini? Mimi nimeshaharibika. Nilisema tusiharibike wote. Dada Joy, wale wa Tosamaganga hawakusikia, eti? Maneno ya mama. Nilijitahidi yasishike."

Apolonia alielewa yote kwa mara moja. Wiki mbili nzima. Kila siku kati ya zile kumi na nne lingetosha neno moja, kwamba posa imeshavunjika, hakuna cha kuokoa tena, sema kweli yako ujiokoe. Hakuna aliyelipeleka, kwa kuwa hakuna aliyedhani linahitajika. Neno hilo sasa lilikuwa limemfika kooni na alikuwa anafungua mdomo.

"Hawakusikia," Joyness alisema.

Alikuwa amesogea akamwekea mdogo wake kola ya shati sawa, kama fundi.

"Kwa hiyo ndoa ipo?"

"Ipo. Desemba, baada ya mavuno ya viazi."

"Gauni unashona mwenyewe?"

"Nimeshaanza. Lina mikono mirefu. Wewe unajua baridi ya kwetu."

Aroni akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyelipwa. Akamgeukia mama yake ahakikishe. "Kweli, mama?"

Askari akaangalia saa yake. Rufaa ipo, Nusrat alikuwa amesema, lakini huko watasoma haya haya yaliyoandikwa.

"Kweli, mwanangu," Apolonia alisema. "Desemba."

Wakampandisha. Alipofika mlangoni alijigonga kichwa kidogo kwenye chuma cha juu, akageuka akawacheka tena, na mlango ukafungwa.